Mashine Iliyorudi Lubumbashi

Mashine ilifika karakanani Wynberg ikiwa imevaa udongo. Haukuwa udongo wa Johannesburg, ambao wakati wa baridi hugeuka unga wa kijivu ukaingia hata kwenye chai. Ulikuwa udongo mwekundu, mzito, uliojishindilia katika kila pembe ya kitako cha chuma, kana kwamba mashine ile iling'olewa ardhini pamoja na mizizi yake. Hénock alipiga goti, akaukwaruza kwa ukucha, na moyo ukamtajia jina la mji kabla macho hayajaufikia waraka uliobandikwa ubavuni.

Ilikuwa kompresa ya skrubu, ya zile kubwa zinazobebwa kwa winchi, mali ya ghala la baridi la Lubumbashi. Kazi yake ilikuwa kuikamua gesi ya amonia na kuisukuma mabombani mchana na usiku, ili samaki walioletwa kutoka bahari za mbali walale katika barafu hadi siku ya kuuzwa. Hénock alifikiri: samaki ambao mama yangu hununua sokoni, baridi yao ilitoka humu.

"Osheni takataka hiyo," alisema Bwana Naidoo, msimamizi wa karakana, mtu asiye na ubaya ila haraka. "Sitaki mchanga karibu na rota zangu."

Othmani, fundi mwenzake, mtu wa Tanga, alileta mpira wa maji. "Vipi, Mkongo? Umepiga magoti unaswali bila udhu?"

"Huu ni udongo wa kwetu."

Othmani aliutazama, kisha akamtazama mwenzake, akaupunguza mzaha wake kama mtu apunguzaye moto wa jiko. "Basi uoshe mwenyewe. Mimi nikiumwaga, wazee wenu watanifuata mpaka ndotoni."

Hénock akafungua maji. Wekundu ule ukaporomoka, ukatiririka sakafuni kama mchuzi wa mawese, ukaingia mferejini. Chini yake yakajitokeza maandishi ya rangi nyeupe, kazi ya mkono wa fundi fulani wa kule asiyejulikana: KADOGO.

"Kadogo," alisoma Othmani. "Na kameikunja kulabu ya winchi. Ninyi mna watoto wadogo wa ajabu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita mashine ile kwa namba yake. Waliifungua tumbo wakazitoa rota zake, skrubu mbili, ya dume yenye migongo minene na ya jike yenye mifereji ya kuipokea ile migongo. Zikiwa kazini, mbili hizo huzunguka zikiwa zimekumbatiana bila kugusana, kati yake pana nafasi nyembamba kuliko unywele, na katika nafasi hiyo hupita mafuta. Zikigusana, zinauana. Beringi za Kadogo zilikuwa zimechoka kiasi kwamba mauti hayo yalikuwa karibu sana. Hénock alibadilisha beringi, akapima, akalegeza, akapima tena, hadi siku moja alipoweka kiganja kwenye shafti akaisukuma, nayo ikazunguka kimya kama mlango wa nyumba ya matajiri.

Bwana Naidoo alikuwa amesimama nyuma yake. "Wewe ni wa huko inakorudi, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wenyewe wanataka fundi aende nayo, aifunge, aiwashe. Awe na Kiswahili na Kifaransa kidogo. Atakayekwenda nitamfanya fundi wa safari, mkataba wa kudumu, siyo hivi vibarua vya kila mwezi kusainiana upya. Pasipoti unayo?"

Hénock akaupapasa mfuko wa ovaroli, akatoa karatasi yake katika mfuko wa nailoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikawa matundu. Bwana Naidoo akaitandaza juu ya benchi la kazi, mafundi wengine wakanyoosha shingo.

"Hii si pasipoti."

"Hapana, Bwana. Ni karatasi ya anayeomba hifadhi."

"Inakuvusha mpaka?"

"Inanivusha kwenda."

Bwana Naidoo hakulisikia lililomo ndani ya jibu. "Basi vizuri. Mpelekee msichana wa ofisi atoe nakala." Msichana wa ofisi akaipokea kwa ncha za vidole viwili, akaenda nayo, akarudi nayo, akasema mbele ya watu kuwa mtambo wa nakala umekataa kuisoma.

*

Chumba chao kilikuwa ghorofani, Joubert Park, kimoja kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda cha wazazi, huku godoro la Denise, binti yao aliyezaliwa hapo mjini. Jocelyne, mkewe, alikuwa msusi. Vidole vyake vilinuka mafuta ya nywele hata vikikanda bukari, ugali wa kwao. Alisikiliza habari yote akiwa ameshika mwiko, na sufuria ikamchemkia hadi maji yakamwagikia jikoni.

"Papa Benita," alisema.

Ndivyo alivyomwita, ndivyo jengo zima lilivyomwita: kwa jina la kifungua mimba wao. Benita alibaki Lubumbashi kwa nkambo wake, mama yake Hénock, siku walipoondoka. Wakati huo alikuwa bado anashika ukuta ili atembee. Sasa alikuwa anaandika jina lake kwa wino. Kila asubuhi Hénock aliamshwa kwa jina la mtoto ambaye hangeweza kumtambua barabarani, na mtoto huyo naye hangeweza kumtambua yeye, kwa maana simu ya nkambo ilikuwa ya kubonyeza, isiyopokea picha, inayoleta sauti tu, tena sauti yenye kukohoa.

"Papa Benita, mashine inaenda Lubumbashi. Na wewe ndiye uliyeulizwa. Mungu akufanyie nini tena zaidi ya hapo?"

"Nikivuka, karatasi imekufa. Watasema nilikimbia nini, ikiwa nimerudi kwa miguu yangu."

"Bwana ya Jeanne alienda kuzika baba yake. Alirudi."

"Alirudi kwa pori, Mama Benita. Leo akiona polisi anaingia dukani kununua chumvi asiyoihitaji. Ana chumvi ya kumtosha mpaka kiama."

Jocelyne alitaka kucheka, akajizuia. "Utaenda, utamwona, utarudi. Kama kurudi ni kwa pori, pori halijawahi kufungwa."

Mlango ukabishwa. Aliingia Mama Brigitte, jirani wa chumba cha tatu, mwanamke wa Katuba kule kule Lubumbashi, muuza vitenge Newtown, mwenye tabia ya kuketi kabla hajaambiwa karibu. Mkononi alikuwa na kikasha cha miwani.

"Nimesikia kwenye ngazi," alisema. "Hii ni ya papa yangu. Anasoma Biblia akiishika mbali kama mtu anayeogopa imuume. Papa Benita anaenda?"

Yeyote aliyelelewa kwao anajua uzito wa swali hilo. Watu wa Lubumbashi huita kifurushi kama kile komisyo. Komisyo hailipiwi na haikataliwi. Msafiri huipokea kwa mikono miwili, na akishaipokea amekula kiapo kuwa atafika; asipofika, si kifurushi kilichopotea, ni jina lake. Hénock alifungua mdomo. Lakini Jocelyne alikwisha kuuweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha yote miwili.

"Anaenda," alisema.

*

Habari hiyo ilishuka ngazi upesi kuliko maji. Kabla ya juma kwisha nyuma ya pazia pakawa kama ghala: viatu vya harusi vya kaka wa fulani, dawa za kifua, wigi lililofungwa katika gazeti, redio, shati la shule, na keki iliyookwa na mwanamke ambaye hakutaka kuelezwa urefu wa barabara ya kupita mipaka ya Beitbridge na Chirundu hadi Kasumbalesa. "Itafika," alisema. "Si mnapeleka mashine ya baridi?"

"Mashine haiwashwi ndani ya lori, mama."

"Basi iwekeni karibu nayo tu. Baridi haisahau."

Denise alilala akiwa amezungukwa na mali za watu asiowajua. Hénock naye kila jioni aliporudi alikuta kifurushi kipya, akakivuka bila kukitazama, kama mtu anayevuka mlevi aliyelala mlangoni. Hakukubali wala hakukataa. Karakanani aliwaambia anafikiria. Nyumbani hakusema kitu. Ila mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza safari bila idhini yake. Aliifunga Kadogo kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa mashine nyingine. Aliziba midomo yake yote kwa vifuniko vya chuma, akaijaza naitrojeni kavu ili kutu isiipate njiani, akapaka rangi mpya mwili mzima. Alipofika kwenye yale maandishi meupe, alitafuta brashi ndogo akayazunguka bila kuyafuta.

"Unaipamba kama bibi harusi," alisema Othmani. "Nawe unaenda kumtoa au unaenda kuishi kwa wakwe?"

"Sijui."

"Hujui nini? Kwenda au kurudi?"

Hénock aliendelea kupaka rangi.

Nyumbani Jocelyne alikuwa amekwenda mbali zaidi. Jumapili, baada ya ibada, alimpigia mama mkwe, akamwambia kwa sauti iliyosikika hadi koridoni: Papa Benita anakuja na mashine. Kutoka upande ule vilisikika vigelegele, kisha simu ikanyang'anywa, na sauti nyembamba ikasema, "Papa, ni kweli?"

Jocelyne akamsogezea mumewe simu. Hénock aliishika. Aliposikia pumzi ya mtoto ikingoja, neno hapana, alilolibeba siku zote hizo, lilimtoka mkononi kama yai.

"Unasoma vizuri?" aliuliza.

"Nasoma. Papa, nimefagia lupango yote, toka getini mpaka mlangoni. Nitafagia tena siku ile."

Simu ilipokatika Hénock aliirudisha bila kumtazama mkewe. "Umenifunga kamba kwa mkono wa mtoto," alisema polepole. "Ungenifunga kwa mkono wako mwenyewe."

"Ningeweza?"

"Hapana."

"Basi."

*

Kesho yake jioni jua lilikuwa bado linagusa dirisha. Jocelyne alimketisha Denise kati ya magoti yake kumsuka, na Hénock alikuwa akishona kifungo cha koti la safari, koti ambalo mkewe alilinunua bila kumuuliza. Denise alielewa Kiswahili chote kilichosemwa chumbani, lakini majibu yake yalikuwa Kiingereza cha shuleni, na wazazi walikuwa wamezoea mazungumzo ya namna hiyo, kila mtu akitoa sarafu ya nchi yake.

"Papa atakwenda kwa Benita," Jocelyne alimwambia, akigawa nywele kwa ncha ya kitana.

Denise alifikiri. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake, bila huzuni yoyote, kama aulizaye saa: je, na Papa sasa ataishi ndani ya simu?

Kitana kikasimama.

"Nani anaishi ndani ya simu?"

Benita, alisema Denise. Na nkambo. Wale wa kule.

Jocelyne aliendelea kusuka mstari mmoja, akaufikisha mwisho, akaufumua, akaanza upya. Msusi wa miaka yote ile hafumui mstari bila sababu. Alipomaliza kichwa kizima alimtuma mtoto koridoni akawaonyeshe wenzake, akafunga mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Usiende," alisema.

Hénock akaiweka sindano chini. Kwa siku kadhaa alikuwa ameomba kusikia neno hilo, na sasa lilipokuja alijikuta ana hasira, kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake wakati mkono uko njiani.

"Koti umenunua. Mama yangu amepiga vigelegele. Godoro la mtoto limekuwa stoo ya jengo zima. Leo unasema nisiende?"

"Leo nasema."

Chini barabarani mtu wa mahindi ya kuchoma alikuwa akigombana na mteja juu ya hindi lililoungua upande mmoja.

"Si karatasi peke yake," Hénock alisema mwishowe. "Nilikuambia ni karatasi kwa sababu karatasi inaeleweka. Mimi nikimwona Benita, nikikaa ile lupango, mama akiniletea maji ya kuoga... sitajua kurudi. Pori liwe wazi, mpaka uwe wazi, mimi mwenyewe ndiye nitakayefungwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ya kwanza, maji yalipomwagika jikoni. Ndiyo maana nilipokea miwani ya Mama Brigitte haraka. Nilitaka ufungwe kabla sijaanza kuogopa." Akakaa kitandani kando yake. "Nilisema moyoni: Denise tumekuwa naye, Benita hajapata mtu. Mmoja wetu aende kwake, hata kama harudi. Nilikuwa nimekugawa, Papa Benita. Kama bukari."

Alilichukua koti, akamalizia kushona kifungo kile, akakata uzi kwa meno. Kazi iliyoanzwa haiachwi, ingawa mwenye kuvaa haendi.

*

Bwana Naidoo hakugombana. Alisema tu, "Nilidhani ungefurahi," akageuka kumtafuta mwingine, na ule mkataba wa kudumu ukageuka naye. Mwenye pasipoti na Kiswahili alibaki mmoja, Othmani, ambaye Kifaransa chake kilikuwa bonjour na kucheka.

"Nimekula nafasi yako," Othmani alimwambia wakati wa chakula, asiguse mkate wake.

"Ilikuwa imeachwa mezani. Kula."

"Ukiniambia nikatae, nakataa."

"Nitakuambia jinsi ya kuiwasha. Sikiliza. Ukifika, usiwe na haraka hata wakikuzunguka. Linganisha shafti ya mota na ya Kadogo mpaka uchoke, kisha linganisha tena. Washa kipasha mafuta kwanza, uyaache yashike joto. Ukiiwasha na mafuta baridi, gesi imejificha ndani yake, yatatoka povu badala ya mafuta, na zile mbili zitagusana."

"Zitauana. Najua."

"Na ukifika nyumbani kwa mama, ukipewa kiti, kaa. Ukipewa chakula, kula. Usiseme umeshiba. Huko shibe ni tusi."

"Tanga pia," alisema Othmani.

Shida ilikuwa komisyo. Jocelyne alipita mlango kwa mlango akieleza kuwa anayekwenda ni mtu mwingine, mtu mwaminifu. Wengi walikubali kwa midomo iliyokunjwa. Mwenye keki alisema maadamu baridi ipo, abebe yeyote. Mama Brigitte alikuja mwenyewe kukichukua kikasha chake.

"Mimi nilimpa Papa Benita," alisema. "Sikumpa mutu wa Tanga."

"Ni mtu mzuri, mama."

"Sikatai. Lakini papa yangu akiuliza nani ameleta, nitasema nani? Komisyo inafika na uso." Alisimama mlangoni, akamtazama Jocelyne juu hadi chini, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo koridoni. "Mikono miwili, Mama Benita. Ulipokea kwa mikono miwili."

Jocelyne alimrudishia kikasha, naye kwa mikono miwili. Kwa siku nyingi baada ya hapo alipanga kazi zake ili asikutane na mtu kwenye ngazi.

Ilibaki habari ya mtoto. Hénock ndiye aliyempigia mama yake, akamweleza yote: karatasi, Denise, Othmani. Nkambo alisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakulaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

"Mutoto amekwisha kulala," alisema. "Nitamwambia. Polepole, nitamwambia."

Siku lori lilipokuja, mafundi waliipandisha Kadogo ikiwa ndani ya sanduku la mbao, na vifurushi vya watu vikiwa ndani ya begi la Othmani. Hénock alikagua mikanda, akagonga ubao kwa kiganja mara moja, kama watu wanavyogonga bega la anayesafiri. Lori likapinda kona ya upande wa Alexandra, likapotea. Yeye akachukua ufagio, akafagia mahali mashine iliposimama. Palikuwa pasafi tayari.

*

Ujumbe wa Othmani wa kwanza haukuwa na maneno. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa: mngurumo ulioanzia chini, ukapanda, ukatulia katika mlio mmoja mrefu ulionyooka. Hénock aliusikiliza akiwa amefumba macho. Hapakuwa na kikwaruzo. Kadogo alikuwa amerudi kazini kwake, naye akajua kwamba mle ghalani, mtaa asioweza kukanyaga, samaki walikuwa wanaanza kupoa.

Jumapili mchana Othmani alipiga simu. Jocelyne alikuwa anapakua chakula. Denise alikuwa kwa majirani. Hénock aliiweka simu kwenye sauti ya kusikika na wote.

"Niko nje ya nyumba ya mama," alisema Othmani. Alikuwa ananong'ona, naye hakuwa mtu wa kunong'ona. "Kaka, kuna jambo. Nilipoingia tu kwenye ua, binti alikuja mbio, akanishika kiunoni. Akachukua begi. Majirani wakatoka, wanapiga makofi. Ananiita Papa."

Jocelyne akakiacha kijiko ndani ya sufuria.

"Mama hakumwambia?" aliuliza Hénock.

"Mama anatazama chini. Nadhani kila siku alisema kesho. Binti aliniuliza mbona nasema kama redio. Kabla sijajibu, jirani mmoja akasema, Afrika Kusini imembadilisha. Basi wakacheka, nami nikakosa pa kuingilia." Akavuta pumzi. "Nimemwambia mama natoka kupiga simu. Shemeji yupo hapo? Niambieni nifanye nini. Mwanangu si huyu, lakini mikono yake bado naisikia kiunoni."

Hénock alimtazama mkewe. Jocelyne alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kitenge, akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, bali kama mtu aliyepewa mzigo mahali pasipo pa kuutua.

Nyuma ya Othmani mlango ulilia, na ile sauti nyembamba ikaja karibu, safi, bila kikohozi cha simu ya kubonyeza. Ilikuwa sauti kubwa kuliko ile Hénock aliyokuwa nayo kichwani. Ilikuwa imekwisha kuwa ya msichana.

"Papa, maji ya kunawa yako tayari. Bukari itapoa."

"Nakuja," Othmani alisema, akajikwaa katika neno hilo. Kisha kwa chini: "Kaka?"

"Amepika yeye?" Hénock aliuliza.

"Amepika yeye. Mama ananiambia amekataa kusaidiwa."

"Basi ingia. Mwache akunawishe. Ule. Usipokula atadhani chakula ndicho kibaya." Akasimama, akashika ukingo wa meza. "Akishatoa vyombo, mketishe karibu na nkambo wake. Mwambie ukweli, wewe ni nani na mimi ni nani. Usimwambie kwamba sikutaka. Kisha mpe simu, nami sitaikata."

"Hata sasa usiikate?"

"Hata sasa. Iweke mezani."

Zilisikika hatua, kiti kikivutwa, salamu za watu. Halafu maji. Yalimwagwa polepole kutoka kwenye jagi, yakapita juu ya mikono ya mtu wa Tanga, yakaanguka katika beseni la bati, na mtoto aliyemimina alikuwa mwangalifu, kwa maana hayakukatika hata mara moja. Huko Joubert Park Hénock alikuwa amekunja mikono ya shati bila kujua.

Walikula. Hakuna aliyezungumza sana. Chakula cha kwanza cha baba aliyerudi huliwa kwa adabu. Jocelyne alikuja akasimama nyuma ya mumewe, akaweka kidevu chake begani mwake, wote wawili wakiitazama simu kana kwamba ina dirisha.

"Papa," ilisema sauti ya Benita, "bukari inatosha?"

Othmani alikuwa na mdomo mtupu na hakujua ajibu kwa jina la nani. Hénock akaifunika simu kwa kiganja, akakibana vizuri, ili kitakachomtoka kinywani kisivuke.

"Inatosha, mama," alimjibu binti yake. "Inatosha kabisa."